Figo, Sepsisi na Vyakula vya Mimea

Maradhi ya sepsisi hutokea pale mwili, katika kupigana na vijidudu vilivyoingia kwa njia ya kidonda, mapafu, mkojo au tumbo la mzazi aliyejifungua karibuni, unapopita kiasi hata ukajidhuru wenyewe. Na aghalabu figo, zichujazo takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, ni miongoni mwa viungo viathirikavyo mapema. Katika mwaka wa 2017 ilikadiriwa kwamba maradhi haya yaliwapata watu milioni 49 duniani, na milioni 11 wakafariki.

Mintarafu ya kinga, wataalamu wanazichunguza flavonoidi, dutu za mimea ambazo baadhi yake ndizo ziyapazo maua ya choya wekundu wake. Mojawapo, kwersetini, imo kwa wingi katika kitunguu maji chekundu, hususan katika matabaka ya nje. Basi amenyaye na aondoe ganda kavu peke yake, asilitupe na tabaka nono lililo chini yake. Katika maabara, panya waliotiwa sumu ya vijidudu wakapewa na kwersetini, figo zao zilidhurika kidogo kuliko za wenzao, kwa kuwa dutu hiyo hutuliza uvimbe wa ndani.

Hata hivyo, panya hao walipewa kipimo kikubwa mno kisichopatikana katika mlo, ilhali matumbo yetu hupokea kwersetini kidogo tu. Kwa hiyo vitunguu, machungwa na mboga za majani tuvile kwa siha, wala tusivifanye tiba ya sepsisi. Na mitishamba ya kuchemsha isiyojulikana asili yake naiogopa zaidi, kwani mingine huziua figo zenyewe.

Mwenye homa au kidonda akianza kuhema mbio, kuweweseka, kupoa mikono na miguu, au kupitisha nusu ya siku bila mkojo ila matone ya rangi ya chai kavu, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa usiku wa manane, maana dawa za kuua vijidudu zikicheleweshwa hatari huzidi kila saa. Asipewe diklofenaki wala aibuprofeni njiani, kwa kuwa hupunguza damu iendayo figoni. Na amsindikizaye amweleze tabibu, kabla ya yote, ni lini mgonjwa alikojoa mara ya mwisho.