Dawa ya Maumivu Nayo Ina Lebo: Somo la Msimu wa Mavuno

Mavuno yameanza. Kuanzia Laela, Mpui na Kaengesa hadi Namanyere na Matai, kila mtu yuko shambani. Gunia la kilo 100 linapanda begani, linashuka, linapanda tena kwenye tela la ng'ombe. Jioni mgongo unawaka moto, asubuhi vidonge viwili na safari inaendelea. Leo basi tuache kidogo habari za mbolea na bei ya mahindi, tuzungumze hivyo vidonge.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mavuno moja nilikuwa nasaidia nyumbani kupakia mahindi, kiuno kikanikamata. Nikaingia duka fulani la barabarani, nikapewa vidonge vya aina tatu kwenye kibahasha kisichoandikwa kitu. Havikuuma tumbo, nikaona ni kiboko. Nikarudia kununua. Siku ya tano nikapata choo cheusi kama lami na kizunguzungu cha kuniangusha. Hospitali wakaniambia tumbo linavuja damu. Mimi huyu ninayewafundisha kila wiki kusoma lebo ya kiuatilifu!

Dawa hizi ni zipi?

Ni dawa za kutuliza maumivu na kushusha uvimbe: diklofenaki, ibuprofeni (wengi tunaiita brufeni), meloksikamu, pirosikamu, indometasini na aspirini. Parasetamo haimo katika kundi hili. Nyingi kati ya hizi zinapaswa kutolewa kwa cheti cha daktari.

Zinafanyaje kazi? Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na kuongeza maumivu. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa kemikali hizo. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Shida ni kwamba prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na kusaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ni kama kiuagugu kisichochagua: kinaua magugu, na mahindi yako nayo yanaungua.

Madhara yanakopiga

1. *Tumbo.* Vidonda na kuvuja damu, wakati mwingine bila maumivu yoyote ya kukuonya. Kula kabla ya kumeza kunapunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini hakuondoi hatari, maana dawa inafanya kazi kupitia damu. Hata sindano inaweza kuleta vidonda.
2. *Figo.* Hatari inazidi mwili ukipungukiwa maji. Juni na Julai upepo wa Ufipa ni wa baridi, unafanya kazi kutwa nzima bila kusikia kiu. Hapo figo zinapigwa mara mbili.
3. *Moyo na presha.* Presha inaweza kupanda, na hatari ya shambulio la moyo au kiharusi ikaongezeka. Mwaka 2004 dawa moja ya kundi hili, rofekoksibu, iliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu hiyo.
4. *Pumu.* Baadhi ya wenye pumu wakimeza aspirini au diklofenaki, kifua kinabana.
5. *Ujauzito.* Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto, na miezi mitatu ya mwisho zinaweza kuathiri moyo wake. Dada zangu wakulima, mwambieni mtoa dawa hali yenu kabla ya kupokea kidonge.

Makosa tunayofanya shambani

*Kuchanganya bila kujua.* Unajua viuagugu viwili vyenye majina tofauti ya biashara vinaweza kuwa na kiambata amilifu kilekile, si ndiyo? Vidonge navyo ni hivyohivyo. Kuna kidonge chenye diklofenaki na parasetamo kwa pamoja. Ukiongeza diklofenaki nyingine na parasetamo juu yake, umezidisha zote mbili. Vibahasha vya mchanganyiko ni hatari zaidi, kwa sababu ndani inaweza kuwemo prednisoloni au deksamethasoni, ambazo zikikutana na kundi hili tumbo linavuja damu kirahisi.

*Kumeza kabla ya kazi ili "mgongo usisikie".* Maumivu ni taarifa. Ukiyazima kisha ukabeba magunia 40, jeraha linakua wakati wewe husikii kitu.

*Kuficha homa.* Waliotoka kwenye mpunga bondeni, kule Muze na Mtowisa, wakirudi na homa na mwili kuuma, kwanza wapime malaria. Dawa ya maumivu inashusha joto, vimelea vinabaki.

*Kushushia na pombe.* Pombe inachubua tumbo, dawa inaondoa kinga. Hapo unatafuta kuvuja damu.

Matumizi salama

- Nunua kwenye famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali, siyo mnadani. Kiuatilifu kinasajiliwa na TPHPA, dawa ya binadamu inasajiliwa na TMDA. Kisichoandikwa jina wala tarehe ya kuisha muda, usipokee.
- Soma jina la dawa yenyewe, lile dogo lililo chini ya jina la biashara. Dawa ya kundi hili iwe moja tu kwa wakati mmoja.
- Tumia kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache iwezekanavyo. Diklofenaki kwa mtu mzima haizidi miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge 3 vya miligramu 50, na daktari anaweza kukupangia pungufu ya hapo. Kikishindwa, kurudia siyo dawa. Rudi kwa daktari.
- Kunywa maji ya kutosha kutwa nzima.
- Kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, au una ugonjwa wa figo, ini au moyo, presha au pumu, usijinunulie. Vivyo hivyo kama unatumia dawa za presha kama enalapri na losatani, dawa za kukojoza, au dawa za kuzuia damu kuganda.
- Kwa maumivu ya kawaida, muulize mtoa dawa kama parasetamo inakutosha. Nayo isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ukiwa mnywaji iwe pungufu ya hapo.

Maksai nao

Maksai akichechemea, usimpe vidonge vyako wala usimchome diklofenaki. Mwite daktari wa mifugo, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kula nyama au kunywa maziwa. Mwaka 2004 utafiti uliofanyika Pakistan ulionyesha kwamba tumbusi walikuwa wanakufa kwa kuharibika figo baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Tumbusi wa Afrika wana udhaifu huohuo, na ndio wanaotusafishia mizoga bure.

Ukiona haya, acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo

Choo cheusi kama lami, kutapika damu au chembe kama masalia ya kahawa, mkojo kupungua sana, uso au miguu kuvimba, kifua kuuma au kubana, upande mmoja wa mwili kulegea. Usisubiri kumaliza kupakia. Beba na pakiti ya dawa uliyokunywa.

Mwisho, ingiza mgongo kwenye bajeti ya shamba. Tumia magunia ya kilo 50, beba wawili wawili, kodi tela lifike karibu na lundo, pumzika mchana. Ukipiga hesabu utaona gharama hiyo ni ndogo kuliko wiki moja kitandani wakati mahindi yako yapo nje. Pampu ya kunyunyizia ikiharibika, Sumbawanga mjini kuna spea. Figo haina spea dukani.

Nawatakia mavuno mema. Tukutane somo lijalo.