SOMO: MLEVI ALIYEFUNGWA KWA AJILI YA USUKANI
Kusoma: Mithali 23:29-35, Luka 10:30-37

Sheria ya barabara ya nchi yetu, ya mwaka 1978, inakataza mtu mlevi kuendesha. Lakini gereza linafunga mwili tu. Kiu ya lutuku inabaki. Akitoka bila kutunzwa, atarudi kwenye chupa na pikipiki.

Mnywaji wa kila siku asiache pombe ghafula akiwa peke yake: anaweza kutetemeka, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Tumwombee, lakini maombi yasimzuie kufika kwa munganga.

Msamaria alifunga vidonda, tena akalipa gharama. Nasi tumtembelee ndugu huyo, tusaidie malipo, tumshikie ufunguo wa pikipiki mpaka apone.

Je, siku ya kutoka gerezani, nani wetu atamngojea mlangoni? Amina.