Dawa ya Kuvuta kwa Wazee Wetu

Wengi wetu tuna babu au bibi ambaye mapafu yake yameharibiwa na tumbaku, au na moshi wa kuni wa miaka mingi. Hospitali humpa inhela, kile kikopo cha dawa kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1956. Nimewatazama wazee kadha wa kadha wakiitumia, nami naona mara nyingi shida si dawa, bali ni mkono na pumzi.

Kikopo kikibonyezwa, dawa hutoka kwa kasi. Yampasa mzee avute pumzi papo hapo, polepole. Akichelewa kidogo tu, dawa hugonga koo ikabaki pale. Tena vidole vyenye baridi yabisi ni dhaifu. Abonyeze kwa mikono miwili, au mjukuu ambonyezee.

Hapo ndipo chupa inapofaa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha ya kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni, inhela ikachomekwa na kuzibwa barabara, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na chombo cha dukani. Kwa mzee kazi yake ni ile ile: dawa hutulia ndani kwanza. Tikisa inhela, mzee atoe pumzi, aweke midomo shingoni mwa chupa, bonyeza mara moja, avute taratibu, kisha azuie pumzi mpaka kumi. Kama dawa ni ya steroidi, asukutue kinywa na kutema, asije akaota utando mweupe ulimini.

Wala usimwulize, “Babu, umetumia dawa?” Atajibu ndiyo. Mwambie, “Babu, hebu nionyeshe.”