Deni ni Langu, Simu ni Yangu: Maswali ya Wakopaji na Majibu ya Sheria

Mikopo ya simu imewafaa Wakenya wengi wakati wa dhiki. Imewaletea wengine fedheha pia, pale deni linapotangazwa kwa ndugu, waajiri na majirani. Yafuatayo ni maswali ambayo wakopaji huuliza, na majibu yake kwa mujibu wa sheria za Kenya.

Nimechelewa kulipa, nao wanampigia mama yangu na mkubwa wangu kazini. Wana haki?

Hawana. Mkopeshaji anaweza kukukumbusha, kukudai, hata kukushtaki. Mama yako hakukopa wala hakukudhamini. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuchukua namba zilizo kwenye simu ya mteja ili kuwatumia wenye namba hizo ujumbe mteja anaposhindwa kulipa.

Lakini si mimi mwenyewe niliyebonyeza "Kubali"?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari na ya jambo mahususi, nawe uwe umeelezwa unachokubali. Unaweza pia kuiondoa wakati wowote. Kuna jambo zito zaidi: namba hizo ni za watu wengine. Jirani aliyekupa namba yake hakumpa mkopeshaji, na huwezi kukubali kwa niaba yake.

Mimi sikukopa, ila napigiwa kwa deni la rafiki. Nifanyeje?

Waulize kwa maandishi walikoipata namba yako, kisha wakataze kuitumia. Usifute ujumbe wao kwa hasira. Hifadhi maneno yao, tarehe na namba wanazotumia. Wakikaidi, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Ofisi hiyo ina meno?

Inayo. Septemba 2023 iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia watu vitisho na kuwasumbua kwa simu. Hata hivyo, meno hayo yanahitaji kunolewa. Faini ya juu kabisa ni Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachofuatwa ni kiasi kilicho kidogo. Kampuni inayovuna mabilioni haiumizwi na adhabu hiyo. Bunge liibadilishe.

Kabla ya kukopa tena, nichunguze nini?

Hakikisha mkopeshaji yumo katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Programu ikiomba kufungua orodha ya namba, picha au ujumbe wako, ikatae. Ikigoma kukukopesha kwa sababu hiyo, tafuta mkopeshaji mwingine.

Naona haya kulalamika ilhali bado sijamaliza kulipa.

Haya hiyo ndiyo silaha yao kubwa. Wanajua mwenye deni huinamisha kichwa na kunyamaza. Sheria haikuweka sharti kwamba mlalamikaji awe amelipa kwanza. Lipa unachodaiwa kadiri unavyoweza, na ulalamike leo.