Kichaka, Dakhalia na Mbu

Mtu atokaye Vuga, ndani ya Mji Mkongwe, kwenda kampasi ya Tunguu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar huona mahali ambapo jengo hukoma na kichaka kuanza. Wengi hudhani homa hutoka upande wa kichaka.

Kwa mbu, mpaka wenye maana ni wa maji. Anofelesi, aenezaye malaria, hupenda vidimbwi safi vipigwavyo na jua. Aedesi, mwenye kueneza dengue, hutaga katika makopo na vifuu vilivyotupwa nyuma ya dakhalia, naye huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Kuleksi hustawi katika vyoo vya shimo na makaro; ndiye aliyeeneza matende na mabusha Unguja.

Huko Makunduchi, mwaka 1988, vyoo vyenye viluwiluwi vilimwagiwa chembe za polistireni, zile nyeupe zifungashiwazo redio. Zilielea, zikaziba uso wa maji, viluwiluwi vikakosa pumzi. Pamoja na dawa waliyopewa wakaazi, mbu walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 na maambukizi yakashuka. Kazi hiyo ilifanyika chooni, si kichakani.

Basi mwanafunzi ajaye kituoni na homa na maumivu nyuma ya macho asipewe dawa ya malaria kwa kukisia, apimwe. Asipokuwa na malaria, dengue ifikiriwe: apewe parasetamoli na maji ya kutosha, aepushwe na aspirini na ibuprofeni, zizidishazo hatari ya kutoka damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au fizi kutoka damu, hasa homa inaposhuka, humpeleka hospitali siku hiyohiyo.