Mchagua Nazi Hupata Koroma? Mhitimu wa Kiswahili na Utafutaji wa Mwajiri Afaaye

Utangulizi

Wahenga waliponena kwamba mchagua nazi hupata koroma, walimwonya mtu apekuaye fungu zima la nazi kwa ulimbukeni, mwishowe akarudi nyumbani na tunda lisilofaa kunywewa kama dafu wala kukunwa kama nazi. Onyo hilo ndilo apewalo mhitimu wa Kiswahili na jamaa zake mara tu anapovua joho la mahafali: achukue kazi yoyote, mradi iwe kazi. Akisitasita, huongezewa nyingine kwamba mchagua jembe si mkulima. Papo hapo, hazina iyo hiyo ya methali inamnasihi kwamba haraka haraka haina baraka. Je, mhitimu ashike lipi?

Makala haya yanajadili namna mhitimu wa Kiswahili nchini Kenya, pamoja na yule aliyeachishwa kazi, anavyoweza kumtafuta na kumtambua mwajiri afaaye. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba methali ya nazi haikatazi kuchagua. Inakataza kuchagua bila kujua dalili za nazi iliyokomaa.

Hadhi ya Lugha na Uhalisia wa Soko

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Walimu wakahitajika kwa wingi, na kwa muda mrefu aliyefuzu ualimu aliajiriwa na serikali bila kushindania nafasi. Utaratibu huo ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu wakati huo nafasi hutangazwa, hushindaniwa, na wengi huzingoja kwa miaka wakifundisha kwa mikataba ya bodi za shule au katika shule za kibinafsi.

Kwa upande mwingine, hadhi ya lugha yenyewe imepanda. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Mafanikio haya yanastahili kushangiliwa. Hata hivyo, Katiba haimwandikii mtu barua ya ajira. Kati ya hadhi ya lugha na riziki ya msomi wake pana daraja, na daraja hilo hujengwa kwa ujuzi mahususi.

Mathalani, mhitimu wa shahada ya sanaa katika Kiswahili hawezi kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu kabla ya kupata mafunzo ya ualimu. Humlazimu kusomea stashahada ya uzamili katika elimu. Anayetaka uhariri katika kampuni ya uchapishaji sharti azijue alama za kusahihishia prufu na mtaala ambao kitabu kinaulenga. Mfasiri hufanya kazi na maandishi na ana muda wa kupekua kamusi; mkalimani hutegemea sikio na ulimi papo kwa papo, na umahiri katika fani moja hauthibitishi umahiri katika nyingine. Mwandishi wa gazeti kama Taifa Leo hupimwa kwa habari iliyokamilika kwa wakati. Wapo pia wanaofundisha wageni, ama humu nchini ama kupitia mpango wa Fulbright unaowapeleka walimu vijana katika vyuo vikuu vya Marekani. Kujua sarufi ya lugha yako hakutoshi kumfundisha mgeni asiyejua kwa nini mti ni mrefu ilhali kiti ni kirefu.

Kwa hiyo, swali la kwanza la mtafuta kazi halipaswi kuwa “Nani ananiajiri?” bali “Ni kazi gani ya Kiswahili ninayoweza kuifanya leo, na ni ujuzi gani umenipungukia?”

Tawasifu-kazi kama Utanzu

Ni kinaya kwamba tawasifu-kazi hufundishwa katika shule za upili kama uandishi wa kiuamilifu, mwanafunzi wa Kiswahili akaja kuifundisha, kisha yake mwenyewe ikamshinda. Anasahau aliyojifunza katika isimujamii: kila matini ina hadhira, muktadha na sajili yake. Hunakili muundo mmoja na kuusambaza kwa shule, redio na wachapishaji bila kubadili neno.

Tatizo kubwa zaidi ni sifa zisizo na ushahidi. Sentensi kama “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari” haimwambii mwajiri lolote, kwa kuwa hata mvivu huiandika. Linganisha na hii: “Nilisahihisha prufu za matoleo mawili ya jarida la chama na kuyakabidhi kwa mchapishaji kabla ya siku iliyopangwa.” Ya pili inataja tendo, kiasi na matokeo. Aliyekuwa katibu wa chama cha Kiswahili aliandika kumbukumbu; aliyeshiriki mashindano ya tamasha alighani au aliongoza mazoezi. Hayo ni tajriba, nayo yanafaa kuandikwa kwa usahihi bila kutiwa chumvi.

Methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza nayo huwapoteza wengi. Huichukulia kuwa ruhusa ya kuketi kitako. Chema hujiuza pale tu kinapoonekana. Mhitimu anayechapisha makala, anayewajulisha wahadhiri na wenzake waliomtangulia kuwa anatafuta kazi, na anayewaarifu wadhamini wake kabla ya kuandika majina yao, hajitembezi. Amekiweka chema chake sokoni.

Kumpima Mwajiri

Usaili humpima anayetafuta kazi, lakini pia humpa fursa ya kumpima mwajiri. Kuuliza si ujinga. Mhitimu ana haki ya kujua kazi hasa ni ipi, atawajibika kwa nani, mshahara utalipwa lini, na aliyeshika nafasi hiyo awali aliondoka kwa nini. Jinsi maswali hayo yanavyopokelewa nayo ni jibu.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mizani. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uwe wa maandishi. Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi sita, na hata kikirefushwa kwa ridhaa ya mwajiriwa, jumla isipite miezi kumi na miwili. Mfanyakazi anastahili taarifa ya mshahara inayoonyesha makato yote. Shule inayomweka mwalimu mwaka wa pili kwa ahadi za mdomo haijamfanyia hisani, imemvunjia sheria. Naye anayedai pesa ili “kufungua faili” au kumtengea mtu nafasi si mwajiri bali ni tapeli.

Aliyepoteza Kazi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi wa shule za kibinafsi walijikuta bila mshahara. Msiba huo ulifichua jambo: wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha walifanya kazi wapi na kwa muda gani.

Kazi inapofutwa kwa kuwa mwajiri haihitaji tena, kifungu cha 40 cha sheria iliyotajwa kinadai notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, malipo ya siku za likizo zilizobaki, na fidia isiyopungua mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika. Zaidi ya hayo, aliyefanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi anastahili cheti cha utumishi. Cheti hicho kidogo ndicho kitakachomsemea mbele ya mwajiri mwingine.

Lililo gumu kuliko sheria ni aibu. Aliyeachishwa hujificha, huwakwepa wenzake, na hivyo kujikatia njia ambayo habari za kazi hupitia. Pengo katika tawasifu-kazi halina haja ya kufunikwa kwa uongo. Sentensi moja ya kweli yatosha: shule ilifungwa, katika kipindi hicho nilifasiri, nilisahihisha karatasi, au nilimuuguza mzazi.

Hitimisho

Imebainika kwamba ukata humlazimisha mtu kushika kazi iliyo karibu, na hakuna wa kumlaumu anayefanya hivyo ili nyumba yake ile. Tofauti ni kati ya anayeishika akijua ni ya kuvukia na anayeishika akidhani hastahili nyingine. Mjuzi wa nazi haokoti tu. Huitikisa sikioni akasikiliza maji yanavyocheza ndani, kwani iliyokomaa ina sauti yake. Mhitimu wa Kiswahili amefunzwa kusikiliza lugha kwa miaka minne. Na aitikise kila ahadi ya kazi, aisikilize, ndipo alipe bei yake.