Habu ya USB: Piga Hesabu ya Umeme Kabla ya Kununua

Kijana wa Tukuyu anayejifunza kurusha ndege kwa programu ya kompyuta, mathalani X-Plane au Microsoft Flight Simulator, huanza na kibodi na kipanya. Baadaye hununua mpini wa kuelekezea ndege, kisha mpini wa nguvu za injini, kisha pedali za miguu. Kila kimoja huja na waya wake wa USB, ilhali kompyuta mpakato nyingi zina matundu mawili au matatu tu. Hapo ndipo hununua habu, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye tundu moja na kutoa matundu manne, saba au zaidi.

Jambo hili haliwahusu wapenda ndege peke yao. Mwenye steshenari hukutana nalo anapounganisha printa, skana, kisoma alama za vidole na flashi ya mteja kwenye kompyuta moja. Tumechagua mfano wa ndege kwa sababu ndani yake kasoro hujitokeza bila kificho. Printa ikikatika, ukurasa huchapishwa upya. Pedali zikikatika wakati wa kutua, ndege huacha njia na kuanguka, ingawa kwa bahati njema huanguka ndani ya kioo.

Mnunuzi aelewe kwanza kwamba habu haizalishi umeme. Inagawa ule inaoupokea, kama bomba moja la maji lililofungwa koki nne: ukifungua zote kwa pamoja, kila ndoo hujaa polepole. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na mkondo wa hadi miliampea 500. La USB 3.0 hutoa hadi miliampea 900. Habu isiyo na adapta yake hutegemea mkondo huo peke yake. Ile ya USB 2.0 yenye matundu manne huruhusiwa kutumia yenyewe hadi miliampea 100, na kila tundu lake hubakiwa na miliampea 100.

Tuchukue mfano. Lebo ya mpini wa kuelekezea inaonyesha miliampea 100, mpini wa injini wenye taa 200, pedali 100. Ukijumlisha na 100 za habu yenyewe, zote 500 zimekwisha, na mpini wa injini tayari umevuka kiasi cha tundu lake. Sasa mwenye kompyuta anachomeka diski ya nje inayodai miliampea 500. Kompyuta inatoa mlio wa kifaa kuondolewa, kisha mlio wa kifaa kuunganishwa, na hali hiyo inajirudia. Taa za mpini zinafifia. Mshale wa usukani unarukaruka ilhali hakuna aliyeugusa.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa mpini, na hapo hasara huanza. Mpini ulionunuliwa Kariakoo hufungwa upya, hupelekwa kwenye basi, hulipiwa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na muuzaji huujaribu na kuuona mzima. Kabla ya kurudisha kifaa chochote, kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila habu, na ukitumie kwa nusu saa. Kikitulia, kosa limo katika habu, waya au mgawanyo wa umeme.

Kwa mwenye vifaa vitatu au zaidi, tunashauri habu yenye adapta yake ya ukutani. Hata hapo, lebo isomwe. Zipo habu za matundu saba zinazouzwa pamoja na adapta ya volti 5 na ampea 1, yaani miliampea 1,000 kwa matundu yote. Endapo kila tundu lingetakiwa kutoa miliampea 500, zingehitajika 3,500. Adapta ya namna hiyo inaweza kutosha mipini na pedali, lakini haistahili kuuzwa kwa maelezo kwamba itabeba diski mbili na kuchaji simu.

Muuzaji anaweza kukusifia kasi ya USB 3.0 na kukuongezea bei kwa sababu hiyo. Kwa mipini na pedali, kasi si hoja. Vifaa hivyo hutuma taarifa ndogo sana, na megabiti 480 kwa sekunde za USB 2.0 zinawatosha wote kwa pamoja. Fedha hiyo ni heri iende kwenye adapta nzuri.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu adapta iliyopotea. Kitundu cha umeme cha habu nyingi ni cha duara, na pini ya adapta ya king'amuzi au ya ruta inaweza kuingia humo bila kikwazo. Adapta hizo aghalabu ni za volti 12. Habu iliyotengenezwa kwa volti 5 inaweza kuungua papo hapo, pamoja na kila kilichochomekwa humo. Kuingia kwa pini si uthibitisho kwamba adapta inafaa. Linganisha volti zilizoandikwa kwenye adapta na zile za habu, na mwelekeo wa chanya na hasi. Katika Wilaya ya Rungwe, ambako mvua ni nyingi, ni busara pia kuchomoa adapta radi zinapoanza, na kusubiri kidogo umeme unaporejea baada ya kukatika.

Lipo tatizo jingine ambalo si ubovu. Ukihamisha pedali kutoka tundu la pili kwenda la nne, kompyuta inaweza kuzihesabu kuwa kifaa kipya, na mipangilio uliyoiweka ikapotea. Bandika karatasi yenye namba kwenye kila tundu na kila waya. Vilevile, Windows ina mpangilio unaoiruhusu kuzima tundu la USB ili kuokoa umeme; uondoe kwa kila habu katika orodha ya vifaa.

Unaponunua, iwe Tukuyu mjini, Mwanjelwa au kwa kuagiza, mtajie muuzaji vifaa vyote utakavyounganisha, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu utakaobaki. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji ana haki ya kupewa bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara. Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halimpi mtu ruhusa ya kuuza kibovu.

Dai risiti ya EFD, na hakikisha imeandika aina ya habu badala ya neno "vifaa" tu. Tunza boksi, adapta iliyokuja nayo na stakabadhi ya mzigo wa basi. Muuzaji akikataa kusikiliza, peleka malalamiko yako kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala ya risiti, picha ya lebo ya adapta na maelezo ya jaribio ulilofanya bila habu.